Plagi Niliyokabidhiwa

Juzi jirani alikuwa akikata mbao za saipresi. Harufu yake, ile ya mbao iliyoungua kidogo, ikapita dirishani kwangu, nikajikuta nimekunja ngumi kama mtoto.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi seremala katika karakana ya misheni, kule Dongobesh. Kulikuwa na mashine moja niliyoiogopa kuliko fisi. Waliiita rauta, mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka. Baba aliifunga chini ya meza nene, kichwa kikielekea juu, kisu chake kikachomoza juu kupitia tundu. Ikiwashwa, ng'ombe wa jirani waliinua vichwa, nami nilisali sala zote nilizozijua, nikizichanganya.

Siku ile alitengeneza sanduku la vyombo vya altare. Alitaka kona zinazoumana: ubao mmoja unapitishwa kwenye kisu ukiwa umelala, mwenzake ukiwa umesimama, kisha meno ya huu yanaingia kwenye mapengo ya ule. Kisu kikizidi juu au chini hata kidogo, kona haifungi. Basi baba alijaribu kwenye vipande vya mabaki, akarekebisha, akajaribu tena.

Katikati ya kazi jenereta la misheni lilizimika. Kama kawaida yake kabla ya kugusa kisu, baba alichomoa plagi ukutani, akafanya ishara ya msalaba, akaniwekea plagi kiganjani.

“Shika, mama. Usimpe mtu mpaka nikuombe mwenyewe.”

Akainama, spana mkononi, akazama katika kurekebisha kisu.

Ndipo akaingia baba mdogo, aliyekuwa akisubiri mahindi yake yasagwe kwenye kinu cha misheni, kilichotumia jenereta lile lile. Nilimwamkia shikamoo. Akaniangalia, akacheka.

“Kaka, umeme wenyewe haupo! Mtoto unamlindisha waya mfu?” Baba hakumsikia. “Wewe, lete hiyo plagi niichomeke, ukamsaidie mama yako.”

Niliikumbatia plagi kwa mikono miwili.

“Nasema na nani?”

Kwetu mtoto haambiwi mara mbili na mkubwa. Niliiona fimbo ya jioni waziwazi, lakini mashine ile niliiogopa zaidi. Aliponyoosha mkono, niliisukuma plagi ndani ya sweta, nikaibana kwapani, machozi yakinitoka.

“Kiburi hiki umekitoa wapi?”

Nje jenereta likakohoa, likashika. Taa iliyo juu ya meza ikawaka. Vidole vya baba vilikuwa bado vimekizunguka kisu.

Mashine haikulia.

Baba aliutoa mkono polepole, akatazama swichi. Ilikuwa imewashwa, vile vile tulivyoiacha umeme ulipokatika. Baba mdogo aliketi juu ya mbao.

“Usinipe, mama,” baba mdogo akaniambia kwa sauti ndogo. “Hata nikikuomba.”

Baba alizima swichi, akaja kuichukua plagi. Kabla ya kuipokea alifanya tena ishara ya msalaba.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alinipa plagi ili nizoee mashine, niache woga, kwa maana nilidhani kuogopa ni kukosa imani. Leo nimezeeka, namshukuru Mungu kwa kunifumbua macho. Baba aliogopa kila asubuhi, akasali huku akiogopa. Kaka zangu walikuwa wakubwa na jasiri, wakiruka mitaro na kucheka ngurumo, lakini plagi hakuwapa hata siku moja. Alitafuta mwoga kuliko wote nyumbani kwake, akamkabidhi vidole vyake.