Mlango umefungwa, abiria yuko nje: barua ya vitasa iliyotuchanganya Lindi, enzi za ujamaa

Wakuu, habari za humu.

Juzi kuna member kaweka uzi analalamika kwamba kampuni imemtumia ujumbe alirudishe gari lake, vitasa vya milango vina kasoro. Wengi mkamcheka, mkamwambia wanataka kumpiga hela za spea.

Mimi sikucheka. Niliweka simu chini nikaacha chakula, mpaka wife akaniuliza nani kafariki.

Haya yamenipata mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Jina la kampuni na la ofisi msiniulize.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali pale Lindi mjini. Kijana, sijaoa, leseni bado inanukia wino. Tukaletewa gari jipya la kwenda vijijini. Wakuu, nililipenda lile gari kuliko kitanda changu.

Abiria wangu mkubwa alikuwa Dada Mwanahawa, mkunga, mwenyeji wa Kilwa Kisiwani. Kanizidi kama miaka minane. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, nyumba hazijaezekwa vizuri, na kina mama wanajifungua humo humo. Kwa hiyo yeye alikuwa safarini kila wiki, mizani ya kupimia watoto kaipakata mapajani kama mtoto wake.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka Milola, alasiri. Barabara ya vumbi, imejaa mawimbi. Kabla hatujaondoka nikamuuliza kama kawaida yangu:

"Dada, mlango umeufunga?"

"Nimeufunga, mdogo wangu. Na kidude cha kufungia nimekibonyeza."

Shikeni hayo maneno.

Tukafika kwenye kona ya kulia, gari likatikisika, nikasikia "klak". Kugeuka kushoto, kiti kitupu.

Nikakanyaga breki, gari likayumba huku na huku likasimama. Nikatazama mlango wake.

Umefungwa.

Wakuu, naomba mnielewe hapo. Mlango umefungwa, kioo kimepandishwa, na mtu hayumo. Kwa sekunde kadhaa nilidhani labda nilimwacha Milola. Kweli kabisa, nilianza kukumbuka kama alipanda.

Ndipo nikasikia sauti nyuma. Alikuwa kwenye mchanga kando ya barabara, mguu umekunjwa vibaya, mizani bado kaikumbatia. Hakulia. Alikuwa anasema neno moja tu, "Nilifunga. Nilifunga."

Nilimpakia nikamkimbiza hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Wiki iliyofuata ikakaa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa mkuu wangu wa usafiri, nimwite Ndugu Mchopa. Mtu mzuri, msiniletee matusi juu yake.

"Ndugu Sefu, uliposimama mlango ulikuwaje?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Ulisikia nini kabla?"

"Nilisikia kitasa, klak."

"Kwa hiyo kitasa kilifunguliwa, mtu akatoka, mlango ukajirudi."

"Inawezekana."

Kwisha. Hawakuniuliza alichoniambia kabla ya safari, na mimi sikusema.

Kwa nini sikusema? Niliogopa. Nilijiambia, kama yeye alifunga, basi kosa ni la aliyeshika usukani. Leseni itakwenda, kazi itakwenda. Kwa hiyo nikajibu nilichoulizwa, nikanyamaza.

Wakaandika kwamba abiria aliufungua mlango mwenyewe gari likiwa kwenye mwendo.

Lindi ni mji mdogo. Kabla ya Ijumaa maneno yalikuwa yameshazunguka soko zima. Dada Mwanahawa alikuwa ameachika miezi michache nyuma, basi watu wakaunganisha: alitaka kujiua. Wengine wakasema ana shetani. Kina mama wakaanza kusita kuzalishwa naye, kwani nani anampa mtoto wake mtu anayejirusha kutoka kwenye gari? Alipotoka hospitali na gongo lake la kutembelea hakupangiwa kazi tena. Akarudi kwao Kisiwani, na maneno yakamfuata huko huko.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuamini. Nikawa nakumbuka kwamba siku ile alikuwa mnyonge. Kumbe hakuwa mnyonge hata kidogo, njia nzima alikuwa ananisema kwa nini sioi.

Miezi ikapita. Siku moja Ndugu Mchopa akaniita, ana barua ya Kizungu mkononi na jasho usoni.

"Sefu, gari linaitwa."

"Linaitwa na nani, Ndugu?"

"Na waliolitengeneza."

"Linaitwa liende wapi?"

"Ndiyo sijui. Imepitia kwa wakala wao Dar. Namba ya gari letu hii hapa, na neno hili maana yake ni kuita."

Tukatazamana. Gari limeshalipiwa, ni la wananchi. Akasema hawa mabeberu wanataka kutunyang'anya. Akaniamuru nilifiche.

Msicheke. Nililipeleka nyuma ya ghala la korosho nikalifunika makuti, siku tatu nzima. Kila tukisikia mgeni kutoka Dar yupo mjini, Ndugu Mchopa anaondoka ofisini kwa kupitia uani.

Siku ya nne uvumilivu ukamshinda, akanituma kwa Mwalimu Tekla aliyekuwa anafundisha Kiingereza sekondari. Dada mmoja wa Kimakonde, hana utani. Akaisoma yote akiwa amesimama, halafu akaniuliza:

"Nani amewaambia wanalitaka gari?"

"Si wanaliita, Mwalimu?"

"Wanaliita wabadilishe vitasa. Wanasema mlango unaweza kufunguka wenyewe barabarani hata kama umefungwa vizuri."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu akanisogezea kiti.

Nikarudi ghalani, nikatoa makuti, nikaufunga ule mlango wa kushoto na kidude nikakibonyeza. Nikausukuma kwa bega kutoka ndani huku nalitikisa gari. Haukufunguka. Nikarudia. Haukufunguka. Nikaanza kufurahi, eti labda barua imekosea, na hiyo furaha ndiyo inayonitia aibu mpaka leo. Mara ya nne, klak. Mlango ukaachia, nikaanguka chini kifudifudi.

Nimkasirikie nani? Mzungu asiyenijua? Ndugu Mchopa? Mimi?

Nilimwomba Ndugu Mchopa tuiandike upya ile taarifa. Akakuna kichwa.

"Faili limeshafungwa, Sefu. Na barua hii haikumtaja Mwanahawa."

"Itamtajaje, Ndugu? Hawamjui!"

"Basi ndiyo hivyo."

Mwalimu Tekla akaniandikia barua yote kwa Kiswahili. Nikaomba likizo, nikapanda basi hadi Kilwa Masoko, nikavuka Kisiwani.

Nilimkuta nyumbani kwa mama yake, kakaa mlangoni anapepeta mchele, gongo limelala pembeni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba." Hakunikaribisha, wala hakunifukuza.

Nikaitoa barua nikaisoma nikiwa nimesimama juani. Nilipofika "hata kama umefungwa vizuri" ungo ukasimama.

"Kwa hiyo nilifunga," akasema.

"Ulifunga, Dada."

"Unajua nilishaanza kuamini kwamba nilifungua? Najiuliza, mkono huu ulifanya nini mimi nisijue. Mwenzio nilikuwa naogopa kumbeba mtoto wa dada yangu." Akanitazama. "Nilikwambia kwamba nimefunga. Kwenye kamati uliwaambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

Akauweka ungo chini. Halafu akamwita mama yake, akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akachukua gongo, akasimama, akaniambia, "Twende."

Wakuu, tulizunguka ile mitaa nyumba kwa nyumba, yeye mbele anachechemea, mimi nyuma na karatasi. Kila baraza anasalimia, anasema, "Huyu ndiye dereva, msikilizeni," na mimi nasoma. Mpaka adhuhuri sauti ilikuwa imenikauka, na mara ya mwisho niliongeza kwa kinywa changu yale ambayo sikuyasema kwenye kamati. Mzee mmoja alitema mate pembeni. Nilistahili.

Tuliporudi nikamwomba msamaha. Akanipa maji ya kunywa, akachukua barua, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga.

"Hii inabaki," akasema. "Wewe nenda, usikose chombo."

Baadaye nilisikia kina mama wa pale wameanza kumwendea, anazalisha bila cheo cha serikali. Amefariki sasa, Allah amrehemu. Kama alinisamehe sijui. Maji nilipewa, jibu sikupewa.

Nilichojifunza: ukiitwa na kampuni, peleka gari. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kwenye kamati sikusema uongo hata neno moja, na bado nilimdhulumu mtu. Mpaka leo hapo pananichanganya.

Wanasheria na mashehe mliomo humu, hiyo inaitwaje? Na wewe uliyewahi kunyamaza wakati mwenzio anaandikiwa kosa, hebu tuambie ulifanyaje baadaye. Nasoma zote.