Mtungi wa Baba

Duka langu la maziwa liko Kansanga, ukiacha barabara ya Ggaba kidogo, kati ya saluni na baa ambayo kila asubuhi hunuka bia ya jana. Nauza maziwa ya kikundi cha wafugaji wa kijiji kimoja huko Nakaseke, na mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa baba yangu. Nasema alikuwa. Wateja wa zamani bado huniuliza, "Mwenyekiti hajambo?" nami hujibu hajambo, huku nikijifanya natafuta chenji.

Baba alikuwa sajini. Sisi watoto tulikulia kambini Makindye, na kwa kuwa yeye ni mtu wa Arua na mama alikuwa Mteso, nyumbani tulizungumza Kiswahili, kile cha jeshini kisichojali ngeli wala kumbembeleza mtu. Alipostaafu alinunua shamba na ng'ombe wachache wa chotara, akaanza maisha ya kuamka alfajiri bila tarumbeta. Majirani zake wa huko, Waganda na Wanyankole, walimwona kichekesho mwanzoni. Askari mzee anayewapa ng'ombe amri kwa Kiswahili, nani asingecheka?

Lakini ni yeye aliyewaunganisha. Wakati ule maziwa yao yalichukuliwa mlangoni na wachuuzi wa pikipiki, kwa bei waliyoamka nayo wachuuzi siku hiyo. Njiani walitia maji, na huku Kampala lawama zikamwangukia mkulima. Baba akawaita majirani akawaambia wauze wenyewe, kwa sababu ana binti mjini. Binti ndiye mimi. Niliacha kazi ya kupokea wageni hotelini, nikapanga chumba, nikapata tangi la kupoza maziwa, na mlangoni nikaandika kwa rangi kubwa: MAZIWA YA WAKULIMA WENYEWE.

Kanuni ya kikundi aliitunga baba. Maziwa yakikutwa na maji, yamwagwe mtaroni mbele ya watu, na mwenyewe akae nje ya kikundi msimu mzima. Alijua anachofanya. Kwa watu wanaofuga, kumwaga maziwa ni kama kufuru, na hata sisi kambini, tuliokunywa maziwa siku za sikukuu tu, ukimwaga kikombe ungesikia kelele mpaka nyumba ya tatu. Alitaka watu waogope. Wakaogopa, na jina letu likawa zuri.

Msimamizi wa kanuni nikawa mimi. Nina laktomita, kijiti cha kioo chenye tumbo nene na shingo nyembamba. Unakidumbukiza kwenye maziwa. Yakiwa safi kinaelea na shingo yake juu, yakiwa na maji kinazama. Nilikipenda kile kijiti kuliko ilivyofaa. Mwaka wa kwanza nilimwaga maziwa ya mama mmoja mjane aliyekuwa amepanda gari kuyaleta mwenyewe. Alisimama ukingoni mwa mtaro akayatazama mpaka yakaisha, kisha akafunga vizuri mkanda wa gauni lake la gomesi, akaondoka bila kuniaga. Mimi nikarudi kaunta nimevimba kwa ushujaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sikuwa nimejua bado.

Nilivimba zaidi nilipoalikwa Naguru, kwenye ukumbi wenye mapazia mazito, kuwaeleza watu waliovaa suti namna ya kumwinua mkulima. Nilisema kwamba mkulima akipata soko la haki hana sababu ya kudanganya. Nilisema uaminifu ndio mbolea ya kijiji. Walipiga makofi, tukala sambusa. Nikikumbuka maneno yale sasa natamani kuingia chini ya meza.

Basi ikaja habari ya shule. Ni shule kubwa ya bweni upande wa Makindye, na bibi anayesimamia jiko lake ni Mkenya, mtu wa maneno machache na macho mengi. Alikuwa amechoka kuuziwa maziwa mepesi ambayo uji hauyasikii. Akaniambia atachukua mitungi mitano iliyojaa kila siku ya shule, muhula hadi muhula, ila kwanza aje aone kwa macho yake jinsi tunavyopima. Kwa kijiji kile hicho kilikuwa kitu kikubwa. Soko la duka linapanda na kushuka. Watoto wa bweni wanakunywa uji hata mvua inyeshe. Kwa soko la namna hiyo wangeweza kujenga kituo chao cha kukusanyia maziwa, wakaachana na wachuuzi kabisa.

Tatizo lilikuwa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimekauka, na kila mtungi ulifika umepungua. Nikampigia baba simu kumuuliza kama mitungi mitano itajaa siku hiyo.

"Itajaa," akasema.

"Baba, ng'ombe wenyewe—"

"Mimi nasema itajaa. Wewe angalia kazi ya huko."

Asubuhi ya siku yenyewe pikapu ilifika mapema, na baba alikuwa ndani, kwa sababu ya goti lake lililohitaji kuonwa na daktari mjini. Akashuka akichechemea, akakaa kwenye benchi la wateja, nikampa chai. Dereva akashusha mitungi sita. Mitano ya wanachama wengine ilikuwa imejaa hadi shingoni, nami nikafurahi nusura niimbe. Wa sita, wenye mstari mwekundu, ulikuwa wa baba. Nao ulikuwa umejaa.

Bibi wa shule akaingia, akatusalimu, akakataa kiti. Nikapima mtungi wa kwanza, kijiti kikaelea. Wa pili kikaelea. Mpaka wa tano kijiti kilisimama wima kama kimefundishwa, na bibi akawa anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. Watu wawili watatu waliokuja kununua walisogea kutazama. Nikamwambia, "Umeona mwenyewe, madamu."

Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Yeye wala hakuuliza kuhusu mtungi wa sita. Ukweli ni kwamba mtungi wa baba sikuwa naupima kamwe. Ulipita moja kwa moja hadi kwenye tangi, na sikuwahi kuona vibaya kwa hilo, maana nani ampime aliyetunga kanuni? Lakini siku hiyo nilitaka sifa. Nilitaka bibi yule aone ukoo wangu ni ukoo wa namna gani. Nikauvuta mtungi wenye mstari mwekundu katikati ya duka nikasema kwa sauti, ili na wateja wasikie, "Na huu ni wa baba yangu mzazi, mwenyekiti. Hapa hata baba anapimwa."

"Hiyo wacha," baba akasema kutoka kwenye benchi. "Hiyo peleka nyuma."

Nikacheka. Nilidhani ni unyenyekevu wa uzee. "Mzee anaona haya kusifiwa," nikamwambia bibi.

"Mutoto, nasema wacha hiyo."

Nikakidumbukiza kijiti.

Kilizama. Sikuamini. Nikakitoa, nikakifuta kwa kitambaa safi, nikakirudisha polepole kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na kikazama tena mpaka shingo ikapotea. Dereva akageuka kutazama barabara. Nilitafuta uongo, hilo nalikiri. Nilitafuta maneno ya kusema kijiti kimeharibika, maziwa bado ya moto, lolote lile. Nilisimama tu na kitambaa mkononi mbele ya watu niliowaita mimi mwenyewe waje kutazama.

Baba aliweka kikombe chini. Akaja akichechemea, akainama, akaunyanyua mtungi ule licha ya goti lake bovu, na nilipotaka kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko. Akautoa nje hadi mtaroni akaumwaga wote. Maziwa yakapita mbele ya saluni, mbele ya baa, na msichana wa saluni akatoka na taulo begani kuuliza kuna nini.

"Mimi ndiyo nilitia maji," baba akamwambia bibi wa shule. "Hawa wengine, hapana. Maziwa yao safi. Wewe umeona."

Kisha akaenda kwa daktari wake, peke yake, kwa miguu hadi barabarani.

Bibi alinishika mkono. Alikuwa na machozi, na mimi ningependa angekuwa na hasira. Akasema, "Dadangu, mtu anayempima babake mbele ya watu, huyo mimi siwezi kumshuku tena. Muhula ukianza leteni." Tukapata soko la shule. Kijiji kikapata. Tangu hapo bibi huyo humsimulia kila mtu habari ile akinisifu, na akinikuta mahali huniita nisimame watu wanione. Mimi husimama. Nitafanya nini?

Dereva ndiye aliyenipa lililobaki, siku chache baadaye, akiwa ameegemea kaunta na hataki kunitazama.

"Nyabo, dada, mimi nirikuwa pale," akasema. "Maziwa ya watu ilikuwa kidogo, mitungi yote nusu nusu. Mzee alikamua ng'ombe yake, akachukua maziwa ya yeye akajaza kwa mitungi ya wale wengine. Ya yeye ikabaki huku chini. Ndiyo akaweka maji, watu isiulize ya yeye imeenda wapi. Nikamuuliza, Ssebo, bwana, na wakipima? Akasema, ya mimi mutoto hapimagi."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nikafunga duka mchana ule, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikakaa nyuma ya tangi likinguruma nikalia kama mjinga. Alikuwa amewafunika wote kwa maziwa yake, akajifunika yeye mwenyewe kwa imani kwamba binti yake anamwamini. Mahali pekee alipojificha palikuwa kwangu, nami nilimtoa hapo kwa majivuno.

Nilikwenda kijijini siku ya mkutano wa kikundi nikiwa nimejiandaa kusema yote. Walikutana kwenye banda la kanisa. Wenye mitungi ile mitano walikuwepo, na kila mmoja wao alijua ni maziwa ya nani yaliyojaza mtungi wake. Walitazama miguu yao. Nilipoinuka, baba alinitazama na kutikisa kichwa mara moja tu, nami nikaelewa: likisemwa hapa, litafika shuleni kwamba kikundi hakiwezi kujaza mitungi mitano, na soko litakwenda. Nikakaa. Ningeweza kusimama tena. Sikusimama.

Aliyesema ni yule mama mjane, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kikundini. Hakuwa na kisasi usoni, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema, "Mimi yangu ilimwagwa. Nikakaa nje, nikarudi. Mzee naye akae, atarudi."

"Ndiyo," baba akasema. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akavua ufunguo wa banda la maziwa shingoni, akauweka mezani, akatoka nje ya mkutano wake mwenyewe.

Sasa maziwa yake anayauza kwa mchuuzi wa pikipiki, mmoja wa walewale aliowafukuza tulipoanza. Mvua zimerudi, ng'ombe wanakamuliwa vizuri, na wanachama wanaweka msingi wa kituo. Dereva ananiambia mzee hupita kutazama matofali kisha huenda zake. Mimi nimemwambia, kwa simu, arudi, msimu umekwisha. Anasema atafikiria. Nimemwomba msamaha pia, na akaniuliza msamaha wa nini, kwani nilifanya kazi yangu. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Juzi alikuja tena mjini kwa ajili ya goti. Duka lilikuwa na wateja kadhaa, na nilimwona mlangoni kabla hajaniona, amevaa koti lake zuri, ameshika chupa ya plastiki iliyojaa maziwa. Nikajua ni ya mjukuu wake. Tangu mwanangu azaliwe hajawahi kuja mikono mitupu. Nikatoka nyuma ya kaunta kumpokea, nikanyoosha mkono kuchukua chupa.

Hakuiachia. Aliiweka kaunta, akafungua kifuniko, akamimina yote katika jagi langu la kupimia, kisha akasogea nyuma hatua moja.

"Pima," akasema.

"Baba, haya ni ya mtoto."

"Pima kwanza. Hawa watu waone."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sitaki, tafadhali, twende tukakae ndani. Alikuwa amebana visigino na mikono imenyooka ubavuni, goti bovu likimtetemeka, akitazama mbele kama mtu anayekaguliwa. Nikachukua kijiti nikapima maziwa ya mwanangu mbele ya watu. Kikaelea.

"Yamepita," nikasema.

"Asante," akajibu baba yangu, ndipo akauliza kama anaweza kukaa.