Biti Nane za Saa

Nilipoanza kuandika mikataba ya kidijitali, yaani programu zinazojitekeleza zenyewe, ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Milimani, mimi na mwenzangu, mwanamke aliyenizidi miaka kumi hivi. Alikulia Muhoroni, na alikuwa ameandikia benki programu kabla hatujakutana. Kazi yetu ya kwanza pamoja ilitoka kwa kikundi cha akina mama wanaofuga samaki aina ya ngege kwenye vizimba ndani ya ziwa. Hewa ikipungua majini, samaki wa kizimba kizima wanaweza kufa kabla ya saa ya chai. Watu wa bima yao walitaka vipimo vya maji vihifadhiwe mahali ambapo mtu hawezi kuvibadilisha, awe mfugaji au wao wenyewe. Tukaenda kwenye blokcheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kule, kipimo kikishaandikwa hakifutiki, na kila nafasi unayoandikia unailipia.

Rasimu yangu ilikuwa ghali mno. Kila kipimo kilikuwa na vitu vitano: anwani ya kifaa kilichopima, saa, hewa, joto la maji na namba ya kizimba. Kila kimoja nilikipa nafasi yake nzima ya biti mia mbili hamsini na sita, kila biti ikiwa ni sifuri au moja. Nikafikiri, hewa ni namba ndogo tu, ya nini kuijengea jumba? Nikaipunguza hadi biti kumi na sita, nikajaribu tena. Gharama ikapanda kidogo. Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia, ikawa vilevile.

Mwenzangu aliniuliza nimeiweka wapi. Nikamwonyesha: katikati ya namba mbili kubwa.

"Basi bado iko peke yake," akasema. "Ukikodi lori la miwa ukapakia muwa mmoja, unalipa lori zima. Tena unalipa mtu wa kuushika usicheze huko nyuma."

Akanieleza kwamba mashine ile inajua kubeba nafasi nzima tu. Namba ndogo ikiwa peke yake, mashine hufanya kazi ya ziada kusafisha nafasi iliyobaki pembeni yake. Faida huja zikiwa ndogo kadhaa, zimefuatana, zikaingia nafasi moja. Nikazipunguza zote na kuzipanga pamoja. Anwani biti mia moja sitini, saa biti thelathini na mbili, zile namba tatu nyingine biti kumi na sita kila moja. Vitu vyote vitano vikaingia kwenye nafasi moja, na gharama ikashuka hadi theluthi hivi. Zikabaki biti kumi na sita tupu.

Tulipeleka kazi ufukweni tuwaonyeshe wenyewe. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mtaratibu aliyetuita watoto wake tangu siku ya kwanza, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kuhusu saa. Kama tumeipa nafasi ndogo hivyo, itajaa lini?

Sikuwa nimejiuliza. Mashine huhesabu sekunde tangu mwaka 1970, na biti thelathini na mbili zinajaa mwanzoni mwa karne ijayo. Nilimwambia hivyo, nikaongeza kwamba ni mbali sana.

"Si mbali, nyathina, mwanangu," akasema. "Mjukuu wangu amezaliwa juzi. Anaweza kuiona."

Mwenzangu akasema tuiongezee biti nane kati ya zile zilizobaki, kwa kuwa nafasi tumeshailipia. Nikapiga hesabu kwenye simu nikiwa nimesimama. Nilitarajia miaka mia kadhaa zaidi. Jibu lilizidi miaka elfu thelathini na nne. Nikafuta, nikapiga upya. Nikampa mwenzangu simu, akapiga yeye, akapata ileile.

Biti nane. Kila moja inaongeza maradufu, hilo nililijua tangu chuoni na nilishalijibu kwenye mitihani. Lakini pale, maji yakigonga mapipa ya kuelea na harufu ya chakula cha samaki ikiwa mikononi mwetu, ndipo ukubwa wake uliponiingia. Kwa senti hiyohiyo tulikuwa tunachagua kati ya uzee wa mtoto mmoja na muda ambao sijui kama utakuta mtu yeyote anayesema lugha yoyote ninayoijua.

Mwenyekiti alitaka kujua kama inaongeza gharama. Nikamwambia hapana, hata kidogo.

"Basi weka hiyo ndefu," akasema. "Sisi hatutakuwepo, lakini mtu atataka kujua maji yalikuwaje."

Wiki iliyofuata tuliuweka mkataba, na hautabadilika tena. Tulikuwa juu ya ubao wa kizimba cha kwanza wakati kipimo cha kwanza kilipofika kwenye simu, hewa ikiwa nzuri, maji ya vuguvugu. Mwenzangu alikisoma kwa sauti ya chini, kama anayesoma kanisani. Akina mama wakaendelea kurusha chakula, na samaki wakapanda juu kwa pamoja hadi maji yakachemka. Mimi nilikaa chini kwenye ubao, nikaisoma tena saa ya kipimo kile.