Picha Safi ya Treni Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ngazi, si kamera. Mkuu wa Kitengo cha Picha cha shirika la reli, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka jukwaani katika stesheni kuu ya Toronto, akaniambia nipande nitazame tu. Nilikuwa nimetoka Tabora na cheti changu cha upigaji picha, nikidhani kazi naijua. Nilitazama treni kutwa nzima, shingo ikakakamaa.

Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona abiria wengi.

"Basi hujaona treni," akasema. "Mtu akiingia kwenye picha, picha imechafuka."

Hiyo ndiyo tuliyoiita picha safi. Unafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, unapanga ubavu wote wa treni uonekane, kisha unaondoa watu mmoja mmoja: mpagazi, kondakta, mama na mtoto wake. Unawaomba kwa adabu, na wasiposikia unasubiri. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na kila iliyoharibika ulitakiwa kuieleza kwa maandishi. Zilipokuja kamera za dijitali akaja pia Meneja wa Mawasiliano, mama kijana mwenye haraka, naye akaishika kanuni ile ile. Nimewaondoa watu mbele ya treni kwa miaka ishirini na saba. Ni kazi inayochosha moyo kuliko mgongo, ila hilo nililijua nimeshachelewa.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mwosha mabehewa stesheni hiyo hiyo. Asubuhi tulipanda basi pamoja kutoka mtaani kwetu, Jane and Finch, tukaachana mlangoni. Treni ya kasi ya zamani, ile ya pua butu, aliiosha tangu ilipokuwa mpya. Treni iliyokuja kuirithi ilikuwa na mashine yake ya kuoshea, kwa hiyo siku treni ya zamani ilipoagwa ilikuwa pia siku ya mwisho ya kazi kwake.

Siku hiyo treni zote mbili zilisimamishwa sambamba kwa dakika kumi tu. Meneja alizitaka katika picha moja, ya kalenda. Nimeshapima mwanga, nimeshafunga stendi, nikamwona Mama Neema kasimama mlangoni mwa treni ya zamani, kavaa sare yake na kitambaa kipya kichwani. Asubuhi sikukiona. Alikuwa amekificha kwenye mkoba.

"Baba Neema, nipige moja tu," akasema. "Hii inaondoka."

Meneja alikuwa nyuma yangu, anatazama saa. Nikampungia mke wangu mkono kama nilivyowapungia wengine wote, asogee pembeni. Nilijiambia nikimaliza nitampiga yake. Akasogea. Nikapiga picha safi, nikainama kubadilisha lenzi, na nilipoinua kichwa treni ilikuwa inaondoka kwenda kukatwa vyuma chakavu.

Hakunilaumu. Ndiyo taabu ya Mama Neema, jambo likimuuma hasemi. Nilipostaafu kitengo kilinizawadia picha hiyo hiyo, kubwa, imetiwa fremu. Iko sebuleni. Watu wa kanisani wakija wanaisifu, na binti yetu Neema anawaeleza kwa Kiingereza kwamba baba yake ndiye aliyeipiga. Mama yake wakati huo huwa jikoni.

Ninyi mnaoanza kazi hii mnaniuliza habari za lenzi na mwanga, nami nawajibu. Lakini nina maelfu ya picha za treni ile, na hakuna hata moja yenye mtu aliyeiosha. Naona aibu, na nimechoka kuiona picha ile kila siku ukutani.

Mwezi uliopita nilimwomba twende stesheni. Magoti yanamsumbua, lakini alikuja. Nikamsimamisha kando ya treni mpya, nikafungua kamera. Aliitazama treni juu hadi chini, kisha akatikisa kichwa.

"Hii sikuiosha mimi, Baba Neema."

Nikarudisha kamera kwenye begi, tukaenda kusubiri basi.