Seli Husemeshwa

Kwa miaka ishirini mwalimu wa biolojia alikuwa akitoboa kidirisha kwenye ganda la yai, akiwaonyesha wanafunzi kiinitete cha kuku na kutamba: "Seli haizaliwi ikijua itakuwa moyo au jicho. Huambiwa na majirani zake, kwa kemikali. Isiposemeshwa, hufa!"

Nyumbani sasa, bwana huyo alikuwa kimya kama maji ya mtungini; alikula huku akisahihisha madaftari.

Siku bintiye alipoingia na ovaroli yenye grisi, akasema amepata kazi gereji, mwalimu alipandwa na mori. "Nani kakutia wazimu huu? Mimi nilitaka uwe daktari!"

"Hukuwahi kuniambia, baba," binti alijibu, akisugua kucha kwa sabuni. "Aliyekuwa akiniongelesha ni fundi magari wa nyumba ya pili."