Aliyeletwa na Kasoro Yake

Nakumbuka siku niliyopelekwa kazini kama mwali anavyopelekwa ukweni, mwanangu Festo, na aliyenikumbusha ni wewe na ujumbe wako wa juzi. Umeniandikia kutoka Mbeya: "Mama mkubwa, tangu nianze kujitegemea sijapata mteja wa maana. Ingia kwenye ukurasa wangu, nipe nyota tano, sema hujawahi kuona fundi kama mimi." Ni kweli sijawahi kuona. Mimi mshona nguo wa Mafinga, hao wanaotengeneza kurasa za biashara kwenye kompyuta ningewaona wapi? Lakini mimi pia ulinitengenezea ukurasa, nao unaniletea wateja, kwa hiyo neno nitasema. Kaa kwanza nikusimulie.

Nilikuwa msichana wa Igowole, nimemaliza kujifunza cherehani, na mikono yangu ilikuwa mizuri. Kasoro yangu ilikuwa mdomo. Usicheke, najua mnasema bado ninao. Mjini Iringa kulikuwa na duka la vitambaa la Mama Shirin, Mhindi aliyezaliwa palepale, lenye mafundi barazani. Kazi ile niliitaka mpaka usingizi ukakata. Baba alikuwa ameshasema nikiikosa narudi shamba la mahindi moja kwa moja, na mimi na jembe hatujawahi kupatana.

Enzi zile ukurasa wangu ulikuwa Shangazi Otilia, dada yake baba, aliyekuwa akimuuzia Mama Shirin viazi. Sasa ujue, kwetu shangazi ndiye aliyempeleka binti ukweni, na Otilia akifika huko alisema yote mbele ya watu, mazuri na kasoro, ili kesho wakwe wasimrudishe binti wakidai hawakuambiwa. Mimi nilidhani desturi hiyo ni ya ndoa tu.

Tulipofika dukani akatua ndoo ya viazi, akasalimia "Kamwene," akaniweka mbele yake kanishika mabega.

"Mama Shirin, nimekuletea mtoto. Anashona huyu, mshono wake huoni ulipoanzia."

Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikijua nimeshapata.

"Ila ana mdomo," akaendelea. "Mteja akinenepa, huyu atamwambia. Nimemchapa, nimemwombea, hajaacha. Nakwambia mapema, usije ukasema Otilia alinificha."

Duka zima lilicheka. Mwanangu, niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Mama Shirin akaniangalia juu hadi chini, akasema nije kesho. Njia nzima sikumsemesha shangazi. Yeye alinunua hindi la kuchoma, akalitafuna kwa raha zake, halafu akasema:

"Umenuna? Mficha uchi hazai. Pale nimeweka jina langu pamoja na lako, na langu silichafui kwa ajili ya mdomo wako."

Hata mwezi haukuisha. Akaja mke wa mchungaji na kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wake. Nikachukua tepu nimpime, akanizuia. "Usisumbuke binti, vipimo vyangu vya mwaka jana mnavyo." Nilijitahidi, Mungu shahidi. Niliuma ulimi, ukachomoka.

"Mama, vile vilikuwa vya mtu mwingine."

Mke wa mchungaji akaita kwa sauti ya kwaya: "Mama Shirin! Huyu umemtoa wapi?" Mdomo uliponza kichwa, nikawaza, nikaanza kukusanya vitu vyangu huku namwona baba na lile jembe.

Mama Shirin akatoka taratibu. "Pole sana, mama. Huyu aliletwa na kasoro yake, mimi niliambiwa. Aliyeniambia ana mdomo ndiye aliyeniambia anajua kushona. Kwenye mdomo hakunidanganya. Mwache akupime."

Akapimwa huku amevimba. Siku ya harusi alicheza, akainama, akala akaongeza, na gauni limetulia. Rafiki yake alikuwa ameshonewa kwingine, kwa vipimo vya kumfurahisha, na alipopiga magoti kumtuza bibi harusi gauni lilitoa mlio uliosikika meza kuu. Wiki iliyofuata akina mama wakaanza kumiminika dukani, wanauliza, "Yuko wapi yule mwenye mdomo?" Nilikaa pale mpaka nikapata cherehani yangu mwenyewe nikahamia Mafinga. Shangazi namshukuru hadi leo, ingawa siku ile ningeweza kumwacha pale dukani pamoja na viazi vyake.

Sasa turudi kwako. Nimeufungua ukurasa wako. Kila mtu anasema wewe ni bora, bora sana, bora kupindukia, na mmoja wao ni yule rafiki yako wa mpira asiye na biashara hata ya karanga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi watu wa ulanzi, pombe ya mianzi, maji hayo tumeyanywa sana.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Anayekutaja kwa watu anakuazima jina lake, na jina si kitu cha kuchezea. Tafuta wachache waliokuona ukifanya kazi, uwaache waseme yote. Nawe ukiombwa kumtaja mwenzako, mtaje mzima mzima, na kasoro yake, maana msikilizaji akishaona hukuficha baya ataliamini na zuri. Kisha ukishatajwa usibishane, fanya kazi.

Kwa hiyo nimeandika. Nimekupa nyota nne. Nimesema: "Festo alinitengenezea ukurasa. Kazi safi, haujanisumbua hata siku moja. Ila simu hapokei mara ya kwanza. Mpigie mara mbili."

Najua umenuna. Nuna tu. Jana kanipigia mama mmoja wa Ubaruku mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anataka watu waagize mchele wake kwa simu. Anasema zile sifa nyingine alizipita zote, akasimama kwenye maneno yangu. Atakupigia leo.

Haya, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, alilinde jina lako, akupe wateja wenye subira ya kupiga mara mbili. Ila huyu wa Ubaruku, nakuomba, mpokee mara ya kwanza.