Singo au Dabo

Naona aibu kulisimulia hili, lakini limeshatokea. Mwezi uliopita niliteremka kutoka Mamba hadi Same mjini kutafuta pikapu ya kubebea tangawizi. Tangu nifiwe na mke wangu, kila ninayekutana naye ananidodosa kama nitaoa tena, kwa hiyo masikio yangu yalikuwa yameshaharibika.

Dalali wa magari, kijana mchangamfu, alinipokea getini.

"Shikamoo, baba. Wewe ni singo au dabo?"

"Marahaba. Nilikuwa dabo. Sasa ni singo."

"Na unaionaje singo?"

"Ngumu, mwanangu. Asubuhi bado nachemsha chai ya watu wawili."

Akanitazama kidogo. "Basi usihangaike. Nina dabo moja nyeupe huko nyuma, imetunzwa, ilikuwa ya mwalimu. Ukiipenda unaondoka nayo leo."

Kusema "imetunzwa" badala ya "ametunzwa" nikadhani ndiyo lugha ya vijana wa mjini. Nikapandisha sauti mpaka waosha magari wakageuka.

"Mimi ni Mlutheri. Kaburi la mke wangu bado halijajengewa, na wewe unaniuzia mke wa mwalimu?"

Waosha magari wakacheka. Dalali hakucheka. Alizinyooshea kidole pikapu zilizopangwa uani.

"Pole sana, baba. Nilikuwa naulizia kebini. Singo ina viti vya mbele tu. Dabo ina vya nyuma pia."

Nikasema singo inanitosha. Akanifungulia mlango, nami nikabaki nimesimama, nakitazama kile kiti cha pembeni ya dereva.